Kampeni Yangu ya Kusafisha Kijito

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Nitakuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa. Kinyozi ni mtu wa watu. Nani hapa hajawahi kuniinamishia kichwa? Tatizo ni fundi cherehani wa mkabala na saluni yangu. Naye anautaka uenyekiti! Bwana afya ametangaza kwamba Jumamosi tutasafisha kijito, kila mgombea na kipande chake, kisha watu watachagua. Mimi nimepewa cha juu, nyuma ya saluni yangu. Fundi kapewa cha chini, penye kalavati, karibu na nyumba ya mama mkwe wangu. Kule uchafu umejazana. Atakoma! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza nimekula nini.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nimekwenda kukagua kipande changu. Kisafi! Hata kifuniko cha chupa hakuna. Kumbe mke wangu na wenzake walishaokota kila kitu wiki iliyopita. Nimemlaumu kwa nini hakuniambia. Amesema aliniambia, tena zaidi ya mara moja, nikawa naitikia "mm" huku nikitazama mpira. Sasa nitaokota nini mbele za watu? Majani? Fundi atatoka na lundo la takataka, mimi nitoke na reki mpya isiyo na hata tope!

Ijumaa, 8 Machi

Dawa imepatikana. Nimezoa mifuko na chupa za plastiki nyuma ya hoteli, nikatia kwenye viroba. Havikujaa vizuri. Nikashindilia nywele zote nilizofagia saluni wiki hii. Jioni, njia ilipokuwa tupu, nikamwaga kwenye kipande changu na kutandaza vizuri zionekane taka za siku nyingi. Roho ilinisuta kidogo. Watoto huchezea maji yale. Nikaiambia roho itulie, kesho naokota yote. Mawingu yametanda. Afadhali, tutafanya kazi kwenye ubaridi.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Mvua imenyesha usiku kucha. Nimefika asubuhi na buti na reki. Kipande changu kinang'aa! Takataka zote zimechukuliwa na maji mpaka kwenye kalavati, zikaliziba, na maji yakaingia nyumbani kwa mama mkwe. Nimemkuta amesimama juu ya kitanda, kakumbatia redio, godoro limelowa chepechepe.

Fundi alikuwa majini mpaka kiunoni, anavuta uchafu kwa mikono. Nywele! Mabunda ya nywele yaliyojisokota na mifuko. Akainua moja juu, linachuruzika kama panya aliyekufa. Kisha, taratibu, vichwa vyote vikanigeukia. Vichwa nilivyovinyoa mwenyewe!

"Mkwe wangu," mama akaita kutoka dirishani, "hizo si nywele zako?"

Nikajibu kwamba mimi nina upara.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alitazama chini. Nikaingia majini na buti zangu mpya, nikavuta uchafu kando ya fundi mpaka maji yakapita. Hakunitukana. Alisogea tu kunipisha. Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 10 Machi

Fundi amechaguliwa. Mke wangu alimnyooshea mkono. Na mimi pia, uso nimeuficha kwenye kofia.

Kisha nikaenda kumwomba radhi mama mkwe. Godoro limeegemezwa ukutani, ndani kunanuka matope. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Hakunigombeza. Alinipa tambara, akasema, "Anzia pale pembeni, mwanangu."

Tukapiga deki pamoja. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi. Akauliza vumbi limetoka wapi, nyumba yenyewe imelowa hivi.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuna wateja. Wanapita wakitazama upande wa pili, na wana haki. Naona haya hata kujitazama kwenye kioo, na saluni nzima ni vioo!

Alasiri akaingia mwalimu mgeni wa shule ya ng'ambo ya kijito. Habari zangu hazijamfikia. Nikiwa nimenyoa nusu ya kichwa chake, akaniambia anatafuta mtu wa kuwaeleza wanafunzi hatari ya kutupa taka kwenye maji, ikiwezekana aliyeyaona mafuriko kwa macho yake.

Hakumaliza sentensi, nikamwambia mtu huyo ni mimi.

Hotuba nimeshaianza: "Siku Nilipomwokoa Mama Mkwe Wangu." Fundi nimemweka pia, amesimama kando ananishangilia. Mwalimu amefurahi sana, akasema atawaalika na majirani waje kunipigia makofi. Nimemsihi asijisumbue.