Filamu ya Shangazi na Nakala Zake

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Bosi kaja na wazimu mpya. Studio ya mtaa wa nyuma, diski yao imekufa, kazi ya msimu mzima imekwenda nayo, na wateja wamepiga kambi mlangoni. Kwa hiyo sisi nasi, kabla ya wiki kwisha, kila mhariri aweke nakala ya akiba ya miradi yake. Na si kuweka tu, eti. Mradi lazima uweze kufufuka mzima mzima kwenye kompyuta nyingine. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayekuwa mhariri mkuu.

Mhariri mkuu! Chumba chenye dirisha! Nimekaa kwenye kijichumba hiki cha juu ya duka la mapazia mpaka mgongo umechukua umbo la kiti. Nani mwingine anastahili?

Bi Nakala, kwa maoni ya Bi Nakala. Ni mimi niliyembatiza hivyo, maana hana kazi nyingine ila kunakili. Kaja juzi tu, na chupa yake ya maji na kalamu zake za rangi, na tangu hapo Bosi akiingia chumbani macho yanaruka juu ya kichwa changu. Leo kasimama mbele ya wote kutusomesha. Eti faili la mradi peke yake si kitu. Ndani yake hamna picha hata moja, mna maelekezo tu ya mahali picha zilipo. Ukilihamisha peke yake umebeba anwani, nyumba umeiacha. Watu wakatikisa vichwa kama wanafunzi. Nikacheka. Peke yangu, lakini nilicheka.

Mradi wangu mkubwa ni filamu ya Shangazi. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Sasa amestaafu ukunga, na Jumamosi ukoo wote unakutana ukumbini kumpongeza na kuitazama filamu. Ndani yake yumo mkunga mwenzake, rafiki yake wa tangu ujana, niliyemhoji mwenyewe kwa kamera yangu mwenyewe. Yule mama alifariki kabla sijamaliza kuhariri. Shangazi hajayaona mahojiano hayo. Kila akipiga simu swali ni moja: mwenzake yumo? Namwambia yumo, atulie.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata mbinu.

Bi Nakala ataanza kukusanya klipu, muziki, picha, mpaka aina za maandishi. Atachukua siku nzima kwa mradi mmoja. Mimi nanakili mafaili ya miradi tu. Nimemaliza miradi yangu yote kabla chai haijapoa! Kazi ya miaka imeingia kwenye nafasi ndogo kuliko wimbo mmoja. Huu ndio ustadi. Bi Nakala anahitaji rafu nzima ya diski, mimi nahitaji mfuko wa shati.

Mchana kaja mezani kwangu, mpole kupita kiasi. Kaomba klipu za yule mama marehemu. Zile nyingine za filamu, za hospitali na za wauguzi, alizipiga yeye, kwa hiyo kashazihifadhi pamoja na muziki na nakala ya faili la mradi. Zimebaki za kwangu tu. Kasema ni jambo la dakika chache, atazinakili kwenye kompyuta kuu ya ofisi, atanirudishia diski yangu.

Yaani nimpe klipu zangu ili Jumamosi watu waseme filamu ni yake! Nikamwambia asijali, ziko mikononi mwa mtu mzima. Nilimpa sauti peke yake, kwa sababu nyuma yake kuna mngurumo wa feni na kusafisha sauti ni kazi inayochosha. Kaipokea bila kinyongo. Watu wa aina hiyo ndio wa kuogopwa.

Jumatano, tarehe 6

Siku yangu!

Nimemwita Bosi mwenyewe. Nikachomeka diski ya nje kwenye kompyuta yangu, nikaufungua mradi wa Shangazi kutoka humo. Ukafunguka wote. Picha zipo, muziki upo, majina yanapita chini kama yanavyotakiwa. Yule mama marehemu akatokea skrini nzima, kitambaa chake cha kijani kichwani, akacheka. Bosi akasema duh. Nimesikia kwa masikio yangu: duh.

Bi Nakala hakustahimili. Kauliza kama anaweza kuichukua ile diski aijaribu kwenye kompyuta yake. Kasema kwenye kompyuta yangu mradi unaweza kuwa unazifuata klipu za zamani zilizo humo humo, si za kwenye diski. Nikamwambia nimezoea kusikia mgeni njoo mwenyeji apone, sijasikia mgeni njoo mwenyeji apekuliwe. Bosi akacheka. Akacheka kwa utani wangu! Akaenda kupokea simu, na jambo likaishia hapo.

Nyumbani nimemwambia mke wangu aanze kufikiria pazia la dirisha la ofisini. Kauliza kama nimekwisha teuliwa. Nikamwambia bado, lakini mambo yamekaa sawa. Kaendelea kukunja nguo. Mke wangu hana tabia ya kushangilia mapema, wala kwa kuchelewa.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeanza kutoa filamu kamili ya Jumamosi, iwe faili moja la kuchezwa ukumbini. Imefika katikati, imesimama. Kompyuta inasema nafasi imejaa.

Wengine wangehangaika. Mimi nikatumia akili. Kila kitu ninacho mara mbili: kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Cha nini mara mbili? Nikafuta klipu zote za filamu ya Shangazi kwenye kompyuta. Nikamwaga na takataka, kwa sababu napenda kazi safi. Kompyuta ikapumua. Kadi ya kamera sina wasiwasi nayo, nilimwazima shemeji mwezi uliopita akarekodi mechi ya watoto wa shule yake.

Nikatoka mapema. Mlangoni nikamwona Bi Nakala bado yuko mezani kwake, anabandika vijikaratasi vya rangi kwenye diski. Moja ya kukaa ofisini, moja ya kwenda nayo nyumbani. Maisha gani hayo! Nilimwonea huruma kweli.

Ijumaa, tarehe 8

Nyekundu. Skrini nzima nyekundu.

Nimeufungua mradi kutoka kwenye diski ya nje. Mahali pa kila klipu pana kisanduku chekundu na maneno mawili: faili halipo. Hospitali, faili halipo. Wauguzi, faili halipo. Yule mama, faili halipo, faili halipo, faili halipo.

Nimezima, nimewasha. Nimechomoa, nimechomeka. Nimeipangusa diski kwa shati. Nimehamia kiti kingine, sijui kwa nini. Halafu nikagundua ukweli: nimehujumiwa. Kuna mtu aliyejua tangu Jumatatu kwamba hili litatokea, na alilisema mbele ya watu. Ushahidi gani zaidi unatakiwa?

Nimempigia mke wangu. Kasema niache kutafuta mchawi, niende kwa yule dada nimwombe msaada, halafu nimpigie Shangazi nimweleze kabla hajavaa na kuketi mbele ya watu. Rahisi kusema. Yeye hagombei chumba.

Nikatunga mbinu nyingine. Nikaenda kwa Bi Nakala kama mkaguzi. Nikamwambia maneno ni mengi, nataka kuona kama nakala zake kweli zinafufuka, na kwa mfano tu, tuchukue filamu ya Shangazi. Akanitazama. Akatazama diski niliyoishika mkononi.

Alichukua kompyuta ya mapokezi, ambayo haijawahi kuhariri hata picha ya kitambulisho. Kachomeka diski moja. Hospitali ikafufuka. Wauguzi wakafufuka. Rangi, muziki, maandishi, vyote mahali pake. Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu saa ngapi. Ilipofika sehemu ya yule mama, skrini ikawa nyeusi na sauti yake ikatoka, safi, bila mngurumo wa feni. Sauti tu. Bosi kauliza picha ziko wapi. Bi Nakala kasema hakuwahi kupewa. Kasema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti.

Ametumia saa zote zilizobaki kunitengenezea filamu, nami nimekaa pembeni nikimwonyesha kipi kitangulie. Jioni Bosi akampa ufunguo wa chumba chenye dirisha. Nilipiga makofi. Mikono yangu, makofi yangu, chumba chake.

Shangazi hakupigiwa simu. Nitamwambiaje?

Jumamosi, tarehe 9

Ukumbi ulijaa. Shangazi kiti cha mbele, gauni jipya la zambarau, miwani kaifuta mara mbili kabla taa hazijazimwa. Kanishika mkono, kawaambia waliokaa karibu kwamba huyu ni mwanangu, ndiye aliyeitengeneza.

Sehemu ya hospitali ilikwenda vizuri. Watu walicheka panapochekesha. Kisha ikafika nyeusi.

Sauti ya yule mama ikajaa ukumbini. Akasimulia siku umeme ulipokatika na wanawake wawili wanajifungua kwa wakati mmoja, na Shangazi, msichana bado, katikati ya vitanda viwili na tochi moja. Akasema, "Ningekuwa na nguvu ningesimama niwaonyeshe. Alikuwa anafanya hivi. Tazameni. Hivi!" Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa. Na sisi tunatazama ukuta mweusi.

Binamu mmoja anayefundisha chuoni akaninong'oneza kwamba kutoonyesha uso wa marehemu ni ufundi mkubwa, ni heshima. Nikamwambia nililifikiria sana. Akaniomba nije nizungumze na wanafunzi wake. Nikakubali.

Taa zilipowaka, Shangazi hakuinuka. Nikamwinamia. Akauliza uso wa mwenzake umekwenda wapi. Nikamwambia Shangazi, hiyo ni sanaa, tumetaka umsikilize kwa moyo. Akauliza swali lingine, kwa sauti ya chini. Pale aliposema hivi, alifanyaje?

Sikumbuki. Siku ile niliwasha kamera, nikaegemea ukuta nikawa natazama simu. Watu wawili tu ndio waliokuwa chumbani wakati anafanya vile, na mmoja amezikwa.

Nikasema alipunga tu mkono. Shangazi akanitazama usoni kama anavyotazama watoto wanaosema tumbo linauma siku ya mtihani. Kisha akasema, "Asante, fundi."

Fundi. Si mwanangu. Dakika chache kabla alimwambia maneno yale yale mtu wa viti, kwa sauti ile ile. Iliniuma. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma: iliniuma mno, nikaenda nje nikasimama karibu na matangi ya maji mpaka watu walipoanza kuondoka. Mke wangu akanikuta huko. Akanipa sahani ya chakula iliyofunikwa.

Jumatatu, tarehe 11

Nimelala juu ya mambo haya na sasa nayaona vizuri.

Kwanza, binamu wa chuo si mjinga. Amesema ni ufundi. Pili, fundi ni neno la heshima, na Shangazi alilitamka mbele ya watu. Tatu, kosa halikuwa langu, ni la yule aliyejua na hakunizuia kwa nguvu.

Asubuhi Shangazi alipiga simu studio. Si kwangu, mapokezi. Ameomba ile sauti ya mwenzake, ndiyo pekee iliyobaki ya yule mama, hata familia ya marehemu hawana nyingine. Bi Nakala akaanza mambo yake. Moja ibaki ofisini, moja iende nyumbani kwake, moja apelekewe Shangazi leo leo.

Nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikaingia kwenye chumba chenye dirisha, dirisha lenyewe linatazama ukuta, nikamweleza Bosi na Bi Nakala kwamba hilo ni jambo la kifamilia. Sauti ya marehemu haitembezwi mikononi mwa watu baki. Mimi ndiye mtoto wa Shangazi, mwenye filamu, mimi ndiye nitakayeipeleka, kwa mikono yangu, siku nitakayopata nafasi. Bosi akakuna kichwa, akasema kwa familia yeye hana la kusema. Bi Nakala akabisha. Akabisha sana, kwa mara ya kwanza nimemwona akipandisha sauti. Nilisimama pale mpaka aliponinakilia sauti kwenye diski yangu na kufuta zake zote mbili mbele yangu, ya ofisini na ya nyumbani, akilalamika. Nimeshinda! Wiki nzima, hatimaye nimeshinda jambo moja.

Wala asidhani sikujifunza. Sasa najua nakala moja haitoshi. Nimetengeneza mbili. Nimeziweka zote kwenye diski yangu moja, ndani ya folda moja, pamoja na filamu ya ukumbini, zisipotezane. Nimezijaribu hapa hapa kwenye kompyuta yangu na zote zinacheza vizuri kabisa. Jioni shemeji atapita kuiazima ile diski, ana mechi nyingine ya kuhifadhi.