Shokapu za Mtu Mzito Kidogo

Jumapili, 8 Oktoba

Wa mwisho tena! Mlima wa Dakeng nimeushuka nusu kwa baiskeli, nusu kwa miguu, na nusu ya miguu ndiyo iliyokuwa ndefu. Shokapu zangu za mbele zimechoka. Zikikutana na jiwe zinabonyea mpaka mwisho, ka!, na mikono inakufa ganzi hadi viwikoni. Pale kwenye ngazi za magogo sithubutu kabisa. Nashuka, nasukuma, najifanya natazama ndege.

Nilipofika mgahawani kwa Mama Liao, chini ya mlima, meza ya duara ilikuwa imeshafutwa. Wenzangu saba wameondoka. Nimeagiza tambi nene na supu ya mipira ya nyama, bakuli mbili, nikala nikitazama viti vitupu. Mama Liao akauliza kama wenzangu wamenitoroka. Nikamwambia nina mazoezi yangu maalumu ya kushuka polepole.

Nilijiunga na kikundi hiki cha baiskeli mwezi wa nne, wiki chache baada ya kumzika mama. Nilidhani nitapata watu wa kula nao angalau mara moja kwa wiki. Sijawahi kuketi nao hata siku moja. Supu naikuta, watu siwakuti.

Nimewaza sana. Tatizo si mimi, ni shokapu. Nikipata shokapu za maana nitafika supu ingali ya moto na watu wangali wamekaa. Kuanzia leo, mpango ni huo.

Jumatatu, 9 Oktoba

Baada ya kazi nimepita dukani kwa Dada Fan, fundi wa baiskeli. Bahati mbaya! Nimemkuta Lai Chun-hsiung, kiongozi wetu wa Jumapili, mwembamba kama kijiti cha kulia tambi. Akanipiga tumboni kwa upendo mbele ya wateja. “Kaka Bonge! Umekula?” Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, lakini kwetu hiyo ni salamu tu, mtu akikuuliza umekula humwelezi njaa yako. Unasema nimekula, mambo yanaisha.

Dada Fan alinieleza vizuri, lazima nikiri. Mtu mzito asihangaike na rangi. Atazame unene wa miguu ya shokapu, maana miguu myembamba inajipinda ukibana breki, gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe. Halafu achague: shokapu za springi ya chuma, au za upepo. Za springi, unachagua springi kwa uzito wako. Za upepo, unajaza upepo kwa uzito wako. Nikamuuliza kama kuna aina ya tatu. Hakuna.

Basi akauliza: “Una kilo ngapi?” Chun-hsiung, aliyekuwa akichagua glavu, akaacha kuchagua glavu.

Nikakumbuka ghafla kwamba nimeacha wali jikoni unaungua. Nikatoka mbio. Nyumbani sina hata punje ya mchele.

Jumanne, 10 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Bendera kila mahali, kazi hakuna, mtu wa kuzungumza naye hakuna. Siku nzuri ya kujua ukweli kwa siri.

Mizani ya nyumbani ni ya marehemu mama, na mwisho wake ni kilo mia na ishirini. Nikipanda inawaka, inafikiri, inazima. Ina adabu, lakini hainisaidii.

Kwa hiyo mpango. Jirani yangu, Bibi Ko, huokota maboksi na kuyauza kwenye yadi ya taka, na kule kuna mizani kubwa ya sakafuni. Nikajitolea kumbebea. Bibi Ko akashangaa, akaniuliza nina homa? Hesabu ilikuwa hii: napanda na maboksi, kisha wanapima maboksi peke yake, natoa moja kwenye nyingine kichwani, nani atajua?

Yadi nzima imejua. Yule Shangazi Yeh wa mizani husoma uzito kwa kupiga kelele ili mumewe aliye ndani asikie. “Mia na thelathini na nne! Bibi Ko, leo umeleta injini?” Foleni ya wazee ikageuka. Bibi Ko naye hakuninyamazia. Akasema hiyo si injini, ni Teh-fang wa ghorofa ya pili, tangu mama yake afe anapika sufuria ya watu wawili na kuimaliza mwenyewe.

Wazee wakacheka. Mimi pia nimecheka, ili tuwe wengi.

Maboksi yalikuwa kilo sita. Nimerudi nyumbani, nimekaa. Hilo la sufuria halikuwa la kusema kwenye foleni, lakini ni kweli. Mama alikuwa akinipakulia mara ya pili bila kuuliza, hata nikiwa nimeshiba. Kijiko kinatua tu. Sasa napakua mwenyewe, na si chakula kilekile.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekwenda kwenye kihekalu cha mungu wa ardhi, pale kona ya soko. Nimempelekea biskuti. Nikamuuliza wazi: nimwambie Dada Fan uzito wangu wa kweli? Nikarusha vile vipande viwili vya mbao vya kumuulizia mungu. Kimoja kikalala kifudifudi, kimoja chali. Ndiyo. Nikarusha tena kwa kuwa labda hakusikia vizuri, pikipiki zilikuwa zinapita. Ndiyo. Mara ya tatu vyote viwili vikalala chali. Mungu anacheka!

Kila mtu anajua jambo hufungwa na ndiyo tatu mfululizo. Mbili si tatu. Nikainama, nikashukuru, nikachukua biskuti moja ya njiani.

Nimemwambia Dada Fan kilo themanini na nane. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akauliza tena. Nikasema themanini na tisa, asije akaniona muongo.

Nimechagua shokapu za upepo, za buluu, miguu minene kama mabomba ya maji. Uzuri wake! Dada Fan akasema hizi zinambeba mtu yeyote, mradi upepo uwe sawa. Akajaza upepo wa kilo themanini na tisa, akaniambia nipande tuone. Hapo ndipo nilipojua hatari. Kwenye mguu mmoja wa shokapu kuna kipete cha mpira. Ukikaa kinapanda na kubaki hapo hapo, kila mtu aone umebonyeza kiasi gani. Mchongezi mkubwa!

Nikaegemea kabati lake la vioo kwa kiwiko, nikaweka mguu mmoja juu ya boksi la helmeti, makalio nikayagusisha tu kwenye kiti. Kipete kikapanda kidogo, kwa heshima. Kabati likalia.

Dada Fan hakubisha. Alinipa pampu ndogo ya shokapu, bure, akasema kwa sauti ya chini kwamba ikiwa Jumapili nitabeba begi zito, niongeze upepo. Nikamwambia sibebi begi. Akasema: “Ongeza tu, kaka yangu.”

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimefuta shokapu mara tatu kwa kitambaa cha miwani. Nimemwonyesha Bibi Ko tukisubiri gari la taka. Wimbo ambao gari hupiga likija ukaanza, watu wakashuka na mifuko yao, na kwa dakika kadhaa mtaa mzima ulikuwa nje pamoja. Huwa nashuka mapema. Bibi Ko akasema shokapu nzuri, lakini nimezidi kunenepa, na je, nimekula? Nimekula. Gari likaondoka, kila mtu akapanda kwake.

Pampu nimeipima mkononi. Nzito! Mtu anayetaka kuwa wa kwanza habebi vitu visivyo na maana. Nimeiacha mezani.

Jumapili, 15 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba.

Kileleni nilimwambia Chun-hsiung aniache nitangulie. Alishangaa, akanipisha. Nikaachia breki. Jamani! Mizizi ilipita chini yangu bila kusema neno. Nilikuwa mbele ya watu saba, peke yangu, lakini upweke wa namna hiyo ni mtamu. Nikaanza kuiona meza. Nikajiona nimeshakaa, nawasogezea viti.

Ngazi za magogo. Gogo la kwanza, sawa. La pili, shokapu zikabonyea. La tatu zikakuta upepo wa mtu mwingine kabisa, zikaenda mpaka mwisho, baiskeli ikasimama na mimi nikaendelea. Nimetua kwenye mianzi.

Wote saba wakaruka chini. Chun-hsiung alikuwa mweupe usoni, ananipapasa shingo, anauliza naona vidole vingapi. Nikauliza kama shokapu zimechubuka. Hapo wakaanza kucheka mpaka wengine wakakaa chini. Kipete kilikuwa kimepanda hadi juu kabisa. Chun-hsiung akakitazama, akanitazama, akakirudisha chini kwa kidole kabla wengine hawajaona.

Hakuna aliyepanda baiskeli tena. Wameteremka na mimi kwa miguu, njia nzima. Sung-yi, mwalimu wa kuogelea, alinifunga kifundo cha mguu kwa skafu yake. Chun-hsiung alibeba baiskeli yangu akilalamika. “Kaka Bonge, hii baiskeli au nyati?” Alinisimulia juu ya bintiye aliyekwenda kusoma Kaohsiung na hampigii simu. Sikujua kwamba ana binti. Nilichechemea polepole kuliko kifundo kilivyohitaji.

Mlangoni kwa Mama Liao wakaanza kuniaga! Tukutane wiki ijayo, Kaka Bonge, pona haraka, sisi tutakula mbele kule. Uvumilivu ukanishinda. Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, nimewakosea nini.

Wakatazamana. Chun-hsiung akasema: “Si wewe mwenyewe? Siku ya kwanza nilikukaribisha, ukasema umeshakula. Ya pili ukasema unajinyima, harufu ya supu inakutesa, tusikusubiri. Tukasema basi, tusimtese mwenzetu.”

Kumbe! Miezi yote hii wanakula mbiombio wamalize kabla sijafika. Sung-yi akasema ulimi wake uliungua mwezi wa tano na mpaka leo hausikii chumvi vizuri.

Nakumbuka nilivyosema. Niliwaona wote wembamba, nikaona aibu kula mbele yao. Nilidhani watabisha kidogo.

Mama Liao akatoa kichwa jikoni. “Kujinyima? Huyu? Bakuli mbili kila Jumapili!”

Nilitaka kurudi kwenye mianzi. Ndipo Chun-hsiung akavuta kiti, akakipiga kwa kiganja. “Kaa ule, bwana wee, usitutie aibu.” Tukakaa wanane. Supu ikaja ya moto. Nilipomaliza bakuli, kijiko cha mtu, sijui cha nani, kikaniongezea mipira miwili bila kuniuliza. Nikainama nikaipuliza supu kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na moto tena.

Alhamisi, 19 Oktoba

Dada Fan amepiga simu. Shokapu nilizompelekea ni nzima kabisa, amezikagua. Kilichobaki ni kujaza upepo upya, na amesema safari hii nimtajie uzito wa kweli, yeye ni fundi, si mchumba ninayemposa. Nikaomba saa moja ya kufikiri.

Mungu wa ardhi alisema ndiyo mara mbili, kisha akacheka. Mzee huyu ana tabia.

Nimempigia Dada Fan, nikamwambia kilo tisini na tano. Akauliza kama ile pampu bado ninayo. Lakini toka themanini na tisa hadi tisini na tano ni hatua kubwa kwa mtu wa faragha kama mimi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Kifundo na mkono vimepona. Shokapu zimerudi, zinang'aa. Nimeketi jikoni na mpango mpya, bora kuliko wote. Kesho sitaongozana nao. Nitaanza mapema, nitashuka kwanza, nitafika kwa Mama Liao kabla ya wote, niagize bakuli nane. Wakiingia wanikute nimekaa mezani nawasubiri mimi. Hebu fikiria nyuso zao! Pampu haihitajiki. Imebaki hapa mezani, nimeweka chai juu yake.

Sasa hivi simu imelia. Ujumbe wa Chun-hsiung, kwenye kundi, mbele ya wote: “Kaka Bonge, kesho hatugusi kijiko mpaka ufike. Kiti chako kipo. Umekula?”

Nimeusoma mara nyingi. Nusura niandike kwamba sijala, kwamba ninapika sufuria kubwa na sina wa kula naye, kwamba nitafika hata kwa kutambaa. Lakini mpango je? Wakinisubiri, nitawashangaza vipi?

Nikajibu haraka: Nimekula. Kesho msinisubiri kabisa, endeleeni tu.

Nimewasha jiko, nimekaa na simu mkononi nikingoja mtu abishe. Wote wameshasoma. Mpaka sasa hakuna aliyebisha.