Matukio Matatu ya Kweli

Jumatatu, 2 Mei 1994

Barua imefika! Kiwanda kipya cha minofu ya sangara kinatafuta msimamizi wa zamu, nami nimeitwa kwenye usaili Jumatatu ijayo. Ni miezi minane tangu shirika litupunguze. Miezi minane ya kula jasho la mke wangu Teodora na samaki wake wa kukaanga. Na barua imewahi, maana shemeji Revocatus ameandika kutoka Nansio: nisipopata kazi kufikia katikati ya mwezi, niende kumfukuzia ndege kwenye mpunga. Mimi Masalu, karani wa ghala daraja la pili!

Tatizo moja. Hawataki vyeti. Wanataka nije na matukio matatu ya kweli: siku niliyopatanisha watu, siku niliyoongoza watu kwenye shida, na siku niliyokosea na nilichojifunza. Nimewaza hadi chai ikapoa. Miaka kumi na minne ghalani halikutokea tukio lolote. Nilikuwa nagonga mihuri.

Jirani yangu Lukman, tuliyepunguzwa naye siku moja, kaitwa pia. Jioni nimemkuta barazani anamenya chungwa. Hajajiandaa hata kidogo. Masikini.

Jumanne, 3 Mei

Nimepata dawa. Tukio lisipokuwepo, linatengenezwa.

Majirani zetu Bernadeta na Paskazia wanapikia kwenye ua mmoja na hawajawahi kugombana, jambo ambalo kwangu ni kikwazo. Asubuhi nikamnong'oneza Bernadeta kwamba Paskazia anauita uji wake wa kuuza maji ya kuoshea sufuria. Nikamnong'oneza Paskazia kwamba Bernadeta anasema gauni lake la kanisani ni la kuazima. Kisha nikaingia ndani kufunga tai, maana mpatanishi lazima aonekane.

Tai ikagoma. Nilipotoka, mwiko ulikuwa hewani na Lukman amekwisha fika. Hakuhutubia. Aliuliza tu ni nani aliyewaambia maneno hayo. Wote wawili wakaninyooshea kidole. Wakacheka, Lukman akacheka, mtaa mzima ukacheka. Akapewa uji bure. Mimi hata kijiko sikupewa.

Teodora alinitengea ugali bila kunitazama.

Alhamisi, 5 Mei

Sasa uongozi. Kuongoza kunataka shida, na kwetu huku mlimani shida ya haraka ni maji. Alfajiri nikaenda nyuma ya jabali, nikafunga koki ya bomba la mtaa. Mpango: watu wajae, wakate tamaa, nitokee, niwaongoze, nifungue.

Watu walijaa vizuri. Foleni ya ndoo ikafika kwa fundi viatu. Nikapanda juu ya jiwe, nikahutubia robo saa kuhusu subira. Kisha nikaenda kufungua. Koki ikakataa. Nilipoilazimisha, mpini ukabaki mkononi.

Nikarudi jiweni kuongeza hotuba. Lo, Lukman alikuwa ameshazipanga ndoo, wenye wagonjwa na watoto wachanga mbele. Vijana kawatuma ziwani na madumu. Mwenyewe kaazima spana. Saa sita maji yakatoka, wakampigia makofi. Nilimuuliza Teodora, aliyekuwa wa ishirini na tatu kwenye foleni, kama hotuba ilimgusa. Akaniuliza kwa nini viatu vyangu vina tope la nyuma ya jabali.

Jumamosi, 7 Mei

Siku ya kutafuta kosa. Nimetafuta tangu asubuhi, sijaona hata moja. Nikamwomba Teodora anisaidie. Akawa anapara samaki huku anataja. Akataja nyuki. Akataja paa la jikoni. Akataja barua niliyomwandikia meneja kwa jina la mkewe. Samaki wakaisha, akasema bado yuko mwaka themanini na sita.

Sikuandika kitu. Hayo yote yalikuwa bahati mbaya.

Jumatatu, 9 Mei

Usaili! Lukman aliingia kabla yangu. Alipotoka akaninyooshea tai, akanitakia heri. Ujanja huo.

Ndani walikuwa mzungu mmoja, mkalimani wake, na mama mmoja wa kuandika. Nikaeleza nilivyowapatanisha wanawake wawili kwa swali moja tu. Nikaeleza nilivyopanga ndoo na kuazima spana. Nilisimulia vizuri mno, mpaka mwenyewe nikaamini. Yule mama akaacha kuandika, akafunua kurasa za nyuma. Akauliza kama hao wanawake ni Bernadeta na Paskazia. Nikafurahi kwamba habari zangu zimefika hadi kiwandani. Akauliza kama koki iko nyuma ya jabali. Nikasema hapo hapo.

Kuhusu kosa, nikawaambia nimelitafuta wiki nzima nikalikosa. Mzungu akaomba atafsiriwe mara ya pili. Nadhani nimepita.

Jumatano, 11 Mei

Kapata Lukman.

Alikuja mwenyewe kuniambia, na chungwa mkononi. Akasema tukio lake la tatu, lile la kosa, lilikuwa siku aliponicheka mbele ya watu, mimi mwenzake wa miaka kumi na minne. Amejifunza kwamba angeniita pembeni. Akaniomba msamaha. Nilipokea chungwa. Alipoondoka nililia kidogo, naandika ukweli.

Halafu nikashtuka. Ugomvi ni wangu, maji ni yangu, na hata kosa lake limetoka kwangu. Matukio yote matatu ni mali yangu!

Teodora alikuwa anakunja nguo zangu za safari. Akaniuliza, taratibu, kama sasa nimeliona kosa. Nikamwambia nimeliona. Ningewahi kuingia kabla ya Lukman.

Ijumaa, 13 Mei

Ndani ya meli ya Nansio. Teodora alinisindikiza hadi gatini, akanifungia samaki wawili, akaniomba sana nikifika nifukuze ndege, basi.

Sasa, nimesikia hapa hapa melini kwamba misheni ya huko inatafuta msimamizi wa ghala. Usaili wiki ijayo. Nina ghala. Sina tukio.

Kushoto kwangu kuna bwana mwenye tenga la kuku. Kulia kuna bwana mwenye godoro. Tangu Mwanza wanagawana karanga kama ndugu. Huyu wa godoro alipokwenda kunawa, nimemweleza mwenzake anavyowasema wale kuku.

Nimeshafunga tai. Safari hii nilianza na tai.