Viatu vya Gari la Marjukka

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa duka moja la vyakula mjini Kuopio, Ufini, katikati ya paka aliyepotea na mwalimu wa kinanda. Lilisema: "Natafuta matairi ya majira ya baridi pamoja na rimu zake, ya gari la familia, tundu tano za nati. Aune Rissanen, Nilsiä." Chini yake palikuwa na namba ya simu. Ilpo Vänttinen alilisoma mara mbili huku akitafuna andazi la mdalasini, na ile mara ya pili hakuwa anasoma maneno tena, alikuwa anasoma mwandiko. Herufi zilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mwandiko wa ajuza. Na ajuza anayehangaikia matairi wiki ya kwanza ya Novemba, theluji ya kwanza imeshaanguka na kila gereji mjini ina foleni ya wiki mbili, huyo kwa Ilpo hakuwa mtu. Alikuwa riziki iliyojiandikia anwani yake yenyewe.

Tusimsingizie Ilpo. Hakuwa mwizi. Mwizi huingia dirishani, naye Ilpo alikuwa akikaribishwa mlangoni, akavuliwa koti na kumiminiwa kahawa. Alihamia Kuopio kutoka Vantaa, kusini, kwa sababu ambazo watu wa Vantaa wanazikumbuka hadi leo. Alikwisha kuuza mashine za kupasha nyumba joto zilizokuwa zikipasha joto maneno yake tu, na asali ya msituni iliyoujulia msitu kwenye picha ya kibandiko. Msimu huu alikuwa kwenye matairi.

Kazi yenyewe ilihitaji ufundi, na fundi lazima apewe heshima yake. Aliokota matairi yaliyotupwa kwa uzee, akayaosha, kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zilizokwisha akazichonga upya kwa kisu cha moto, kisha akayapaka mafuta mpaka yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akayavisha kwenye rimu alizozisugua siku nzima. Seti aliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa na miaka kumi na minne, na mpira wake ulikuwa umekauka ukawa jamaa wa karibu wa ubao.

Jumamosi adhuhuri aliingia uani kwa Aune, seti ikiwa kwenye trela nyuma ya gari lake. Gari la kupewa viatu lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba. Lilikuwa ndugu wa tumbo moja na la Ilpo, aina ileile, ukubwa uleule, tofauti rangi tu. Hilo halikumshughulisha Ilpo hata kidogo. Lilimshughulisha mwenye nyumba.

Aune alikuwa kibibi kifupi mwenye soksi za sufu na miwani iliyofungwa uzi. Alimweleza mgeni kwamba gari si lake, ni la bintiye Marjukka anayeishi naye, ambaye muda huo alikuwa ametoka kwa miguu na wanawe kwenda kwa jirani. Marjukka ni muuguzi mjini, ameachwa na mume, na kila siku ya kazi huendesha kilomita hamsini na kitu kwenda na hamsini na kitu kurudi, mapacha wake wa miaka minne wakiwa kiti cha nyuma, kwa sababu shule yao ya chekechea iko karibu na hospitali. Majira ya baridi yaliyopita, kwenye kona ya ziwani, gari liliteleza likazunguka mara mbili na kusimama pua ikitazama maji. Tangu siku hiyo Aune hukaa dirishani kila alasiri mpaka aone taa.

Ilpo alisikia kitu kidogo kikimkera moyoni, kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Akaikung'uta. Akafunua turubai la trela.

"Mama, haya ni mfalme wa barafu," alisema. "Nilikuwa nimemwekea dada yangu mwenyewe. Lakini nilipoona tangazo lako, nikasema dada yangu atasubiri."

Aune alizunguka trela polepole. Alibonyeza mpira kwa kucha. Kucha ikakataa kuingia.

"Mbona magumu kama kisigino changu?"

"Ndio ubora wenyewe huo. Barafu ni ngumu, mama. Kigumu hukabiliwa na kigumu. Hayo laini yanauzwa kwa watu wasiojua."

"Kumbe. Na misumari? Naona wenzetu huku wanapenda yenye vimisumari vya kushika barafu."

Ilpo alimweleza kwa uchungu kwamba misumari ni ushamba, inapiga kelele, inachimba barabara, na madaktari wa masikio wameanza kulalamika. Aune alitikisa kichwa kwa mshangao wa mtu anayepata elimu uzeeni. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye namba nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 3109. Anayejua kusoma tairi angesoma kwamba lilitengenezwa wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na tisa.

"Na hizi ni za nini, mwanangu?"

"Namba ya rafu ghalani, mama."

"Ghala kubwa hilo," alisema Aune, akamkaribisha kahawa.

Walikata kona ya banda la kuni kuelekea mlangoni, na hapo ndipo Ilpo alipokanyaga miguu yake mwenyewe. Juu ya lundo la kuni palikuwa na turubai, na juu ya turubai, kuzuia upepo usilipeperushe, zilikaa rimu nne za rangi ya dhahabu. Ilpo alizijua. Kila mwanamume aliyekulia Ufini karibu na redio inayotangaza mbio za magari angezijua. Zilikuwa rimu za gari la mbio za enzi zile, zinazotafutwa na matajiri wa Helsinki kama masalia ya watakatifu. Na kwenye moja, kwa wino mweusi uliofifia, palikuwa na sahihi iliyokokotwa kama ya bingwa.

Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, vyuma vile ni vya nini.

"Vya marehemu mume wangu, Hemmo," alisema Aune. "Alivipenda kuliko mimi. Bwana mmoja alifunga safari kutoka Helsinki kuja kuvitazama tu."

"Na hilo jina?"

"Sijui nikwambie nini. Lilipoandikwa nilikuwa jikoni."

Mezani kulikuwa na kalakukko, ule mkate mweusi uliookwa na samaki tumboni, lakini Ilpo alikuwa akitafuna bila kuonja. Kichwani mwake alikuwa ameshazibeba zile rimu, ameshaziuza, ameshanunua nyumba ndogo ya ufukweni Uhispania, na alikuwa anachagua mapazia. Alianza kwa mbali. Akasema vyuma vikuukuu vinaleta kutu, kutu inaharibu kuni, na yeye kwa huruma yake angeweza kuviondoa bure. Aune akasema la, hawezi kumtwisha mgeni mzigo. Ilpo akasema basi Aune achukue matairi ya kwenye trela, yote manne na rimu zake, bila senti moja, na yeye abaki na vile vyuma kama kumbukumbu ya marehemu ambaye hakubahatika kumjua.

Aune aliweka kikombe chini. Machozi yalimlengalenga nyuma ya miwani.

"Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini dhambi siiwezi. Umeniambia mwenyewe yale ya kwenye trela ni mfalme wa barafu, na ulimwekea dada yako. Mimi mjane nichukue kitu cha thamani hivyo kwa vyuma vya kuzuia turubai? Hapana. Hayo yavae wewe unayesafiri. Mimi nipe hayo uliyovaa sasa hivi, hayo ya kishamba yenye misumari."

Ilpo alilichungulia gari lake kupitia dirisha. Matairi ya gari lake yalikuwa mapya ya mwezi uleule, ya misumari, laini, ghali kuliko yote dukani, kwa sababu Ilpo alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini si wa uhai wake. Alitafuta njia ya kusema kwamba mfalme wa barafu hafai kuvaliwa, na kila njia aliyoiona alikuwa ameiziba yeye mwenyewe saa moja iliyopita kwa ulimi wake mwenyewe.

"Hayo yangu yana kelele, mama," alisema hatimaye.

"Mapacha wana kelele zaidi," alisema Aune. "Hawatayasikia."

Basi ajabu ikatendeka Nilsiä. Tapeli alipiga magoti kwenye theluji, akapandisha jeki, akafungua nati ishirini za gari lake na ishirini za Marjukka, akamvisha Marjukka viatu vyake mwenyewe vipya na kujivisha vile alivyovichonga kwa kisu. Aune alisimama kando na shali, akimkumbusha akaze nati kwa kukatiza, moja hapa na nyingine ng'ambo yake, si kwa mzunguko. Ilpo alishangaa kidogo bibi kalijuaje hilo, lakini mtu mwenye ufuo wa Uhispania kichwani hashangai muda mrefu.

Alipomaliza akaomba karatasi. Hilo alilisisitiza yeye, kwa kuogopa kwamba bibi akisikia bei ya rimu zile atazidai. Wakaandika nyuma ya kalenda kwamba wamebadilishana kwa hiari, kila mmoja ameona alichopewa, na hakuna atakayerudi kudai. Aune alitia sahihi. Safari hii mkono wake haukutetemeka.

Jumatatu asubuhi Ilpo alizipeleka rimu kwa Sulevi Kurkela, mnunuzi wa vitu vya kale mjini, mwanamume mnene aliyezisogelea, akainua moja kwa mkono mmoja, akairudisha chini, na kuketi ili acheke vizuri.

"Umetoka kwa Aune," alisema.

Ilpo akauliza anajuaje. Sulevi alimweleza bila haraka, kwa sababu raha haiharakishwi. Hemmo Rissanen alikuwa mwalimu wa ufundi. Rimu zile alizimimina yeye na wanafunzi wake, kwa alumini ya masufuria, kupamba gari la maonyesho ya shule. Haziwezi kubeba hata toroli. Sahihi ile aliiandika Hemmo mwenyewe, mezani kwake. Mtu wa Helsinki kweli alikuja kuzitazama. Alizitazama nusu dakika, akarudi kwao.

"Amenidanganya," alisema Ilpo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kweli. Alikuwa hajawahi kukaa upande huo wa meza.

"Amekwambia neno gani la uongo?"

Ilpo alilitafuta. Alipitia kila sentensi ya bibi, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa safi kama sahani.

"Wewe wa kusini hujui," alisema Sulevi. "Hapa mkoani kwetu Savo mtu akianza kusema, jukumu linahamia kwa msikilizaji. Na Aune alikaa kaunta ya karakana ya matairi miaka thelathini na mmoja. Anasoma tairi kama mchungaji anavyosoma zaburi. Umempelekea nini?"

Ilpo alitoa ile karatasi ya kalenda mfukoni, akaisoma, akaona ilivyoandikwa vizuri, bila mwanya hata mmoja. Aliiandika yeye.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini hakuna ghadhabu kama ya tapeli aliyetapeliwa; huona kama haki ya dunia nzima imevunjwa. Alasiri ileile aliwasha gari kwenda Nilsiä kumkabili bibi, ingawa hakujua atamwambia nini. Baridi ilikuwa imekaza tangu asubuhi na barabara imekuwa kioo. Mfalme wa barafu alitambaa kilomita thelathini kwa heshima. Kwenye kona ya ziwani Ilpo aligusa breki. Breki ilifanya kazi yake, magurudumu yakasimama kabisa, na gari likaendelea na safari bila magurudumu kuhusika. Lilizunguka mara moja, polepole, akaona ziwa, akaona msitu, akaliona ziwa tena, safari hii karibu zaidi, kisha likazama kwenye mtaro wa theluji na kukaa kimya.

Alikaa mikono ikiwa kwenye usukani, asiweze kuiondoa. Maji yalikuwa hatua sita mbele yake. Ilimjia, bila yeye kuialika, picha ya gari jingine lililosimama hapohapo, na viti viwili vidogo nyuma.

Gari lilikuja kutoka upande wa mjini, likipiga kelele ya misumari juu ya barafu. Likasimama palepale lilipotakiwa kusimama. Akashuka mwanamke mwenye sare ya hospitali chini ya koti, na kwenye dirisha la nyuma zikatokea nyuso mbili za kufanana. Mwanamke alimuuliza kama ameumia, akatoa kamba ya kuvutia gari kwenye buti, akaifunga bila kuuliza zaidi. Gari lake lilijikita kwenye barafu, likavuta, na la Ilpo likatoka mtaroni kama jino.

Alipokuja kufungua kamba, alimulika matairi ya Ilpo kwa tochi ya simu, akaguna.

"Nani kakuuzia haya, kaka? Hii ni roho ya mtu."

Ilpo alitazama chini. "Nilichagua mwenyewe."

"Siku nyingine umuulize mama yangu. Haya yangu kanitafutia Jumamosi. Anasema kayapata kwa bwana mmoja mwenye huruma, kavua ya kwake akatupa sisi." Marjukka alikunja kamba. "Nilitaka nimpigie simu nimshukuru, mama kasema bwana huyo hapendi kujulikana."

Hapo palikuwa na mwanya, na Ilpo maisha yake yote hakuwahi kuacha mwanya upite. Neno moja tu lilitosha kuzidai shukrani zile, au matairi yenyewe. Mapacha walikuwa wamebana pua zao kwenye kioo, kioo kimejaa ukungu wa pumzi zao.

"Mama yako kasema kweli," alisema.

Marjukka alimwambia hawezi kumwacha pale. Kilomita saba mbele kuna kituo cha mafuta, aache gari huko na arudi mjini kwa basi. Yeye atatangulia polepole, kaka afuate alama zake, asiguse breki kabisa. Basi wakaondoka. Misumari ilichana barafu mistari miwili myeupe, na Ilpo akaweka magurudumu yake ndani ya mistari hiyo, kasi ya mtu anayetembea, jasho likimtoka kwenye baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Mbele yake mapacha waligeuka kwenye viti vyao wakampungia mikono, wakapunga tena, wakaendelea kupunga njia nzima, naye hakuthubutu kuinua hata kidole kimoja kuwajibu.