Ngurumo ya Feruzi wa Kabondo

Kaeni chini, enyi watu wa Kisangani, wa mtoni na wa mitaani, nyinyi mliosalimika na vita na nyinyi mnaosema mlipigana. Zimeni redio, wekeni vikombe kando, na kwa jina la Mungu asikiaye hata dua isiyotamkwa, sikilizeni habari za Feruzi wa Kabondo, mshika usukani, radi ya barabara, mwenye mabega mapana na busara nyembamba, aliyetoka kumchukua bibi arusi mtaa wa pili akapata utukufu ambao mke wake mpaka leo anautafuta.

Feruzi huyo alikuwa na Peugeot. Aliinunua mwaka wa uhuru kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na haraka, na waasi walipoushika mji aliificha nyuma ya jiko, chini ya majani ya ndizi, hata siafu wakahamia kwenye viti. Waasi walipofukuzwa na mji ukaanza tena kupika, gari likatoka. Lilikuwa gari jema, Mungu ashukuriwe, na lilikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomchoma Feruzi usiku na mchana, maana ng'ambo ya barabara aliishi Timothée, mwenye gari kimya vilevile, ila jipya. Na kaka wa Feruzi, Papa Abdulhamid, alipokuwa akipanga kumpeleka binti yake Aziza kwa mume wake katika mtaa wa Tshopo, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba bibi arusi atapanda gari la Timothée.

Hapo shujaa akasimama, akalegeza kola, akamgeukia kaka yake, akahutubu.

"Yaya, mutoto ya ndugu yangu atabebwa na mutu wa inje, na mi niko hapa? Batu batasema nini? Batasema Feruzi iko na gari, lakini gari haiko na Feruzi?"

"Gari yako iko na usingizi," alijibu Papa Abdulhamid.

"Nitaiamsha."

"Bon. Amsha. Lakini nimepatia bakwe neno yangu: Aziza atafika kabla ya adhana ya magharibi. Jua ikizama na yeye hajafika, mi sitakuwa tena na uso ya kuonyesha Tshopo. Unasikia?"

Feruzi alisikia, kwa namna ambayo yeye husikia. Akaondoka kama jemadari aliyekabidhiwa jeshi.

Karibu na kambi ya Kapalata kulikuwa na lori la jeshi lililoachwa, nusu limemezwa na majani. Shujaa akaingia chini yake kwa tumbo, kama watu wa kale walivyoingia katika pango la nyoka, akatoka na bomba la moshi, pana kama paja, na akalibeba begani mpaka kwa Nicolas mchomeleaji. Akaamuru kwamba silencieux ikatwe, yaani ile chupa ya bati iliyo chini ya gari, ambamo moshi huingia ukapoza ghadhabu zake kabla ya kutoka, na mahali pake lichomelewe bomba la lori. Kisha akatoa mafundisho yake matatu. Kwanza, gari lenye sauti kubwa lina nguvu kubwa. Pili, gari linalopumua bila kizuizi hukimbia. Tatu, gari linalokimbia hufika mapema, na linalofika mapema halipati nafasi ya kunywa mafuta. Aliyasema kwa yakini ya mtu aliyeyasikia kwa mtu mwingine.

"Ni kweli, Nicolas, ao si kweli?"

"Papa Feruzi," alisema Nicolas akishusha miwani yake myeusi ya kuchomelea, "mi nauzaka soudure. Akili siuzaki."

Siku ya harusi ikafika. Feruzi alivaa koti. Zaina mke wake akaketi kando yake, amejifunga leso nzuri, na shujaa akawasha moto.

Enyi wasikilizaji, mnaijua sauti ile. Hakuna nyumba ya Kisangani ambayo haikufundishwa somo lake: lori la jeshi likiwa mbali, unafunga mlango, likikaribia, unaingia chini ya kitanda, likisimama, unatoka kwa nyuma na kukimbilia kwenye migomba. Feruzi mwenyewe alikuwa amelifuata somo hilo mara nyingi, tena kwa bidii kuliko jirani zake. Lakini mtu aliyekaa ndani ya kelele yake mwenyewe haitambui. Basi gari likatoka likinguruma, na mbele yake Kabondo ikafungwa, mlango kwa mlango. Muuza makaa aliacha makaa. Kinyozi alikimbia na wembe, na mteja wake akamfuata, shavu moja limenyolewa.

"Unaona, Zaina? Banatupatia njia."

"Banakimbia."

"Ni heshima."

"Heshima haibebake mutoto mugongoni na kuruka mufereji."

Shujaa alikanyaga tu. Alikataa kubadilisha gia, ili ngurumo isipungue, na bomba la lori chini ya injini ndogo ile lilikuwa kama suruali ya tonton, baba yake mdogo, kwa mtoto wa shule: moshi ulizubaa ndani yake, na gari, kila lilipotakiwa kuvuta, lilipiga kelele badala ya kuvuta. Kadiri alivyokanyaga ndivyo lilivyonguruma, na kadiri lilivyonguruma ndivyo sindano ya mafuta ilivyoinama, kama mtu anayesujudu bila nia ya kuinuka.

Ndipo akatokea adui. Alikuwa Augustine, mtu wa Yanonge, juu ya kinga yake, ile baiskeli nyeusi, amefunga nyuma mzigo wa makemba mabichi, zile ndizi za kupika. Yeye hakukimbia, kwa kuwa bomu la wakati wa waasi lilimwondolea sikio moja na nusu ya lile jingine. Akalifikia gari. Akalipita. Akapunga mkono kwa adabu.

"Gari imepanda sauti," alisema Zaina, "haikupanda mbio."

Walifika kwa Papa Abdulhamid wakakuta wali unachemka peke yake. Ngoma imelala kwa ubavu. Kiatu kimoja cha bibi arusi kipo mlangoni. Feruzi, kwa kudhani kwamba hawajamsikia, akawaita kwa kukanyaga tena, na tena, kwa nguvu zaidi.

"Zima, Feruzi."

"Bajue kama tumefika."

"Zima."

Hakuzima. Injini ilikohoa, ikatetemeka, ikazimika yenyewe, maana tangi lilikuwa kavu. Kimya kikashuka juu ya mtaa kama rehema. Kisha, kutoka katika migomba, sauti ya Papa Abdulhamid ikauliza polepole:

"Askari beko ngapi?"

"Moja tu, shemeji," Zaina alijibu. "Ni Feruzi."

Wakatoka. Mashangazi wakatoka, mpishi akatoka na mwiko wake, Aziza akatoka na tope mpaka magotini. Timothée, aliyealikwa pamoja na majirani, hakutoka: alikuwa ameliondoa gari lake jipya kwa mwendo mkali, na hakuna aliyejua ameishia wapi. Papa Abdulhamid hakupiga kelele. Alitazama jua, ambalo lilikuwa limekwisha kuegemea miti, kisha akamtazama mdogo wake.

"Washa, twende."

"Yaya, mafuta imeisha."

Mtu asingeweza kupata mafuta saa ile hata kwa machozi. Papa Abdulhamid akavua koti lake, akalikunja, akaenda nyuma ya gari, akaweka mikono.

Ndivyo ukoo mzima ulivyosukuma. Bibi arusi alikaa ndani, Feruzi akashika usukani, Zaina akasukuma pamoja na mashangazi, na Papa Abdulhamid akisukuma aliomba dua bila sauti. Milango ikafunguka. Majirani wakaja wakiimba, wakaongeza mabega yao. Na tazameni jinsi mafundisho matatu ya shujaa yalivyotimia: gari lilikuwa na sauti nzuri kuliko magari yote ya mji, lilikuwa na nguvu ya mtaa mzima, na halikunywa hata tone.

Walipoingia Tshopo, jua likiwa jekundu, Feruzi akamwona Augustine kando ya njia. Kamba yake ilikuwa imekatika, naye alikuwa akiokota makemba. Shujaa akatoa kichwa dirishani, macho yanawaka.

"Sukumeni, bandugu. Sukumeni."

Wakasukuma. Wakampita.

Gari likasimama mbele ya nyumba ya wakwe, na ndipo muadhini akainua sauti. Papa Abdulhamid alikaa juu ya jiwe, akafuta uso wake, uso ambao bado ulikuwa wake. Feruzi akashuka wa kwanza, kabla ya bibi arusi, akapanua mikono.

"Tumepita kinga," akawatangazia.

"Aksanti, tonton," alisema Aziza, akitafuta kiatu chake. "Siku ya kuja kusalimia mama, nitakuja kwa miguu."

Basi ikumbukwe kizazi kwa kizazi kwamba Feruzi wa Kabondo, radi ya barabara, alimshinda Augustine wa Yanonge katika mtaa wa Tshopo, kabla ya magharibi, mbele ya mashahidi. Wakati watu wakimpongeza shujaa, Augustine alipita tena na makemba yake, akapunga mkono, akaenda zake. Lakini historia ilikuwa imekwisha kufungwa.