Kufunguliwa kwa Kinywa cha Stefano wa Chilangala

Sogeeni, enyi wenye meno thelathini na mawili, na ninyi mliobakiwa na mawili tu. Sogeeni, watu wa Newala juu na watu wa Masasi chini, wekeni majembe, zimeni redio, kwa maana inasimuliwa hapa habari ya Stefano mwana wa Yohana, bwana wa mikorosho mia mbili, muuaji wa koboko wawili kwa mpini mmoja, mume wa Veridiana, na jinsi alivyofumbua kinywa chake mchana kweupe mbele ya mwanamke mwenye sindano.

Adui alikuwa gego. Gego la chini, upande wa kulia, lenye pango katikati. Kwa siku tisa lilipiga ngoma za vita alfajiri, likajifanya limelala adhuhuri ili shujaa adhani amepona, kisha jioni likarudi na majeshi mapya yakateka sikio, shingo na kisogo. Mtu aliyezoea kumeza matonge ya ugali makubwa kama ngumi akawa anaishi kwa uji, kama mtoto aliyeachishwa ziwa juzi.

Na siku hazikumngoja. Jumamosi Dominika, binti wa dada yake, alikuwa anaolewa, na Stefano ndiye mjomba mkubwa. Mbele ya wakwe wote angewekewa sahani ya peke yake, na juu ya sahani hiyo firigisi ya kuku, aitafune watu wakiona. Akishindwa, sahani ingehamia kwa mdogo wake Petro, ambaye wiki nzima alikuwa akipita kumjulia hali mara tatu kwa siku, na kila akiondoka alionekana amepata nguvu.

"Baba Winfrida," Veridiana akamwambia, "uji wangu mwisho Ijumaa. Jumamosi utakula firigisi, au utamtazama Petro akiila."

Basi Jumatano shujaa akaondoka. Newala mjini ni karibu, lakini huko ndiko alikohadithia sana habari za wale koboko, naye hakutaka wasikilizaji wake wamwone akitetemeka. Akapanda basi hadi Masasi, mji ulio chini ya milima ya mawe, kichwa kimefungwa kanga kama kilemba cha sultani, Veridiana nyuma yake asije akatoroka njiani. Wakaingia katika kliniki ya meno ambamo hakuna aliyemjua. Msichana wa mapokezi akainuka akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Shikamoo, mjomba Stefano. Mimi Faidha, nyumba ya tatu kutoka kwenu."

Akaitika marahaba bila kuachanisha meno.

Ndipo akatoka Daktari Salome, mwembamba, mpole, koti jeupe kama deraya, na shujaa akaomba mazungumzo kabla ya vita. Akauliza kung'oa ni kiasi gani, akapiga hesabu, akapata kilo tano za korosho. Akauliza kuziba, akapata kumi na tano. Akauliza kwa nini kuacha jino kinywani kuwe ghali kuliko kulitoa. Akajibiwa kwamba kubomoa nyumba siku zote ni rahisi kuliko kuikarabati. Akauliza kama anayezibwa huzibwa kwa saruji, kama bima yake ingelipa, na kama ni kweli kung'oa jino la juu hupofusha jicho. Akajibiwa si saruji, bima italipa sehemu, na jicho halihusiki. Mwisho akaleta swali alilolificha nyuma ya mengine yote, kama jemadari afichavyo wapanda farasi.

"Na ukiondoa hiyo sindano ya ganzi, bei inashuka kilo ngapi?"

Daktari akasema ganzi imo humo humo ndani ya bei, kama chumvi ndani ya mchuzi. Shujaa akasema atarudi kesho.

Hapa tuseme kweli. Korosho alikuwa nazo, nyingi. Sindano ndiyo hakuiweza.

Wakalala kwa shemeji, na usiku ule Stefano akazaa hila. Kila mtu wa kusini anajua kwamba ukitafuna embe bichi, meno hufa ganzi. Ganzi ni ganzi, akawaza. Kwa nini nichomwe, nami naweza kwenda na yangu? Asubuhi akanunua sokoni maembe mabichi tisa. La kwanza likaingia pangoni kwa gego na ndimi za moto. La nne likamwinua kwenye kiti. Akaangusha saba, machozi yakimwagika bila aibu, kisha akasimama mbele ya daktari.

"Binti yangu, weka silaha chini," akasema. "Ganzi nimekuja nayo kutoka sokoni. Meno yangu yote ni maiti. Hata ukiyapiga nyundo hayatajibu. Ziba."

Daktari akaligusa gego kwa kijichuma kidogo. Shujaa akaonekana karibu na dirisha.

"Baba, embe limeua meno yote mazima, likaliacha hili moja," akasema daktari. "Leo naweza kuliziba. Ukirudi wiki ijayo nitaling'oa tu."

Stefano akarudi kitini akafumba kinywa. Ukaanza mzingiro. Daktari akangoja. Faidha akachungulia mlangoni. Saa ya ukutani ikatembea dakika kumi, na boma halikufunguka hata upana wa punje ya mtama.

Veridiana akatazama simu yake. "Petro anauliza," akasema taratibu, "kama Jumamosi avae shati jeupe au la bluu."

"Mwambie Petro..." akanguruma shujaa, na lango likawa wazi, vidole vya daktari vikaingia, na sindano nyuma yake. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo jina lake liliposimama. Angeweza kufumba. Aliiona ncha, alihesabu vidole, na taya zake zilikuwa zile zile za kufungulia soda. Hakufumba.

Baada ya nusu saa akatoka na masharti ya amani: mswaki asubuhi na kabla ya kulala, sukari ya chai vijiko viwili badala ya sita, na chupa za soda zifunguliwe kwa chuma. Akasimama juu ya ngazi ya kliniki, akawahutubia bodaboda waliokuwa wakingoja abiria.

"Enyi watu wa Mathathi, nimethinda. Thindano thi kitu."

Wakamtazama Veridiana.

"Anasema ameshinda," akasema Veridiana. "Na anaomba maji."

Jumamosi firigisi ililetwa. Ilikwenda upande wa kulia, ikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitaji, huku Petro, katika shati la bluu, akiifuata kwa macho hadi ilipomezwa.

Mwaka ule mikorosho ilichanua vizuri na mvua zilikuja kwa wakati wake. Lakini Chilangala hawauiti mwaka wa korosho, wala wa mvua. Wanauita Mwaka wa Kinywa.