Jamii Isiyo na Fedha Yaanzia Shambani Kwangu

Jumatatu, 16 Juni
Siku kubwa! Nimesikiliza redio kwenye simu ya jirani yangu Abdulrazaq. Mtaalamu mmoja anasema miaka ijayo fedha haitakuwapo kabisa. Mtangazaji akamuuliza, sasa nani atakubali kufanya kazi? Akajibu kwamba watu watafanya kazi kwa sababu ya sifa, au kwa raha ya kazi yenyewe, au kwa kupendana.

Nilisimama wima. Fedha sina hata kidogo. Basi hapa Maparoni mimi ndiye niliyewatangulia wote kufika huko mbele!

Na kazi ninayo. Mpunga wetu umeiva. Mke wangu Shamsia yuko Kibiti, anamlea binti yetu Nasra aliyejifungua. Aliniachia kuamia ndege, kuvuna, na kuziba tuta lililobomoka tangu Machi. Mwezi ukiandama wiki ijayo, bamvua, yaani maji makuu ya bahari, litaleta chumvi hadi shambani. Tuta bado. Nimekaa kwenye dungu, kichanja changu cha kufukuzia ndege, nafikiri. Mtu hawezi kufikiri na kuziba tuta kwa wakati mmoja.

Jumanne, 17 Juni
Nimeanza na sifa. Nimeazima kipaza sauti cha muuza dawa ya panya, nikatangaza kitongoji kizima: atakayenivunia atasifiwa kwa jina lake, hadharani.

Alikuja mtu mmoja tu, Twalha wa hapa kitongojini. Akataka asifiwe kwanza, hafanyi kazi kwa ahadi. Haki yake. Nikamsifu ushujaa, ukoo, mwendo, mpaka meno. Nusu saa! Akaniambia sifa zimemjaa tumboni, hawezi kuinama. Akaenda zake.

Ndege wamekula kona nzima nilipokuwa kwenye meno.

Alhamisi, 19 Juni
Leo raha ya kazi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema kwangu hakuna kazi, kuna mchezo wa kuvuna. Wakaja watu ishirini! Wakajipanga juu ya tuta, wakasubiri mchezo uanze. Hatimaye mmoja akauliza mbona mchezaji haonekani.

Ikabidi nionyeshe mfano. Nimevuna saa nzima nikitabasamu, ili waione hiyo raha. Nimejikata kidole. Walishangilia sana! Wakati wa kuondoka walinishukuru, wakauliza kama kesho waje na watoto.

Na tuta, kwa uzito wao, limebomoka mahali pa pili.

Ijumaa, 20 Juni
Aibu. Nimepita shambani kwa Bi Mwanahalima. Mjane, mtu mzima wa miaka sabini, hana kipaza sauti. Watu arobaini wanamvunia! Nyimbo, vigelegele, na hakuna anayelipwa hata senti. Nimeona wivu, nakiri.

Nikasogea kuchunguza. Chini ya kivuli, sufuria kubwa: mihogo ya nazi na uduvi. Kumbe siri ni sufuria!

Akaniona. Akaniuliza mbele ya watu, mwanangu Huseni, msimu huu umevuna shambani kwa nani? Nikamjibu kwamba kwa mawazo nimekuwa na wote. Abdulrazaq alicheka mpaka akakaa chini. Sitamsahau. Bi Mwanahalima akasema zamu zote anazo kichwani, nani kaenda kwa nani tangu mvua za kwanza, na jina langu kalitafuta hakuliona.

Sikubaki kubishana na mtu mzima. Nilikula sahani mbili nikaondoka.

Jumapili, 22 Juni
Nimepika mwenyewe. Mihogo nilichimba kwetu, nazi nimeazima, uduvi nimeazima. Nikaiacha sufuria shambani, nikaenda kutangaza kwamba chakula kipo. Niliporudi tumbili sita wameizunguka, wanakula kwa adabu kuliko Twalha. Walishiba, wakajifuta, wakarudi mikokoni.

Hawakuvuna hata suke moja.

Jumatatu, 23 Juni
Nimeogopa. Maji yamefika mguuni pa tuta, na bamvua lenyewe bado siku mbili. Mpunga huu ndio chakula chetu cha mwaka mzima. Shamsia aliupanda akiwa na homa, mimi nikimshikia mwavuli.

Nimeshika jembe tangu asubuhi hadi Magharibi. Naziba huku, maji yanatokea kule. Mikono imechubuka. Nimekaa chini kwenye tope nikalia. Jasho lilichangia.

Jumanne, 24 Juni
Nimeamshwa na vigelegele. Nikatoka. Watu arobaini shambani kwangu! Bi Mwanahalima mbele na mundu wake. Abdulrazaq kwenye tuta, tope hadi kiunoni. Hata Twalha, tena ameinama!

Ilipofika alasiri shamba lilikuwa mabua matupu, na mpunga wote uko nyumbani. Nikamuuliza Bi Mwanahalima ni kipi kilichowashawishi: sifa, mchezo au mihogo?

Akasema hakuna kati ya hivyo. Leo ilikuwa zamu ya Shamsia. Shamsia kawavunia wote, kila mwaka, hata mwaka ule mguu ulipovimba. Mwanamke kama huyo halali njaa watu wapo. Abdulrazaq akadakia kwamba lingekuwa shamba langu peke yangu wangewaachia samaki wavune.

Nimefurahi mno. Maana yake hotuba zangu ziliwaingia! Wanaona haya kukiri, basi.

Alhamisi, 26 Juni
Maji yamepanda juu ya tuta, yamekuta mabua. Alhamdulillahi.

Shamsia amerudi. Kabla hajavua baibui, Bi Mwanahalima alikwisha kumsimulia yote, pamoja na tumbili. Aliufungua mlango wa ghala, akaugusa mpunga. Niliona machozi. Nikamwambia asinishukuru.

Akaniangalia. Kisha akaniletea mundu, akasema kesho ni zamu ya Abdulrazaq, shamba lake liko juu na bado kavu. Akataka niende mimi, jina langu likaanzie hapo. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanzilishi wa jamii mpya hawezi kuonekana akivuna kama watu wengine. Alikaa kuunoa ule mundu muda mrefu sana.

Ijumaa, 27 Juni
Mgongo umekaza. Bahati mbaya, leo leo.

Shamsia ameondoka alfajiri na mundu, usingizi wa safari bado machoni. Nilimwomba anisalimie wenzake. Nawaona wote kutoka kwenye dungu, wanaimba. Yeye yuko mstari wa mbele. Upepo ukileta harufu ya nazi nitashuka.

Lakini sijakaa bure! Nimeandika barua kwa wakubwa Kibiti, kurasa nne. Nimewaeleza kwamba nimethibitisha mwenyewe, watu watafanya kazi bila fedha, na kwamba niko tayari kuzunguka wilaya nzima kuwafundisha wengine.

Posho na nauli nimeomba fedha taslimu, tena mapema.